Zamu ya Mama na Onyo la Radi

Jumamosi hiyo, kama ilivyokuwa desturi yake siku zisizo na masomo, Winifrida aliamka mapema, akafagia ua, akaosha vyombo, kisha akaifunga simu ya mama yake kwenye pindo la khanga. Kazi ya kutunza simu ilikuwa yake. Bertilla, mama yake, hakuaminiwa tena kushika simu shambani, kwani aliwahi kuifukia moja ndani ya tuta pamoja na nyasi.

Ilikuwa zamu yao. Katika kitongoji chao, karibu na Kaengesa, wanakikundi walilimiana kwa kupokezana, na mwenyeji wa siku aliwaandalia wenzake togwa. Kanuni ilijulikana na wote: wakishakunywa togwa, zamu imehesabiwa, hata kama kazi haijaisha. Bertilla alikuwa mjane. Asingeweza peke yake kufukia nyasi na kuinua matuta ya shamba lote lile la kilimani. Zamu ikipotea, shamba lingelala, na mwaka ujao nyumba yao isingekuwa na maharage wala mahindi ya kutosha.

Wanakikundi walikuwa wameshakunywa togwa na kuinamia majembe pale simu ilipoita. Winifrida alisogea kando ya kibanda cha nyasi, akapokea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Winifrida. Mko wapi?" Alikuwa Mwalimu Gaudiosa, mlezi wa klabu ya hali ya hewa shuleni. Maonyo yalipotolewa Sumbawanga, yeye aliwapigia wanafunzi wa klabu, mmoja kwa kila kitongoji, nao wakawaarifu majirani.

"Tuko kilimani, Mwalimu. Tunalima kwa mama."

"Basi sikiliza vizuri. Onyo limetoka tena, la uwanda wote, kutoka Namanyere mpaka huku kwetu. Mchana kutakuwa na radi, mvua ya mawe na upepo mkali. Waambie washuke mapema. Wasijifiche chini ya mti wala kwenye kibanda. Waende kanisani, lina kuta imara."

"Sawa, Mwalimu."

Winifrida alirudi shambani, akafungua kinywa, akakifunga. Wiki iliyotangulia alitangaza onyo kama hilo katika shamba la Mama Cornelia, mwenyekiti wa kikundi. Watu waliacha majembe, wakakimbia, na jua likawaka hadi jioni. Mama Cornelia alipoteza zamu yake. Hakulalamika, lakini mjomba Maximilian hakuacha kucheka.

Hata sasa alimwona Winifrida amesimama, akanyoosha mgongo. "Haya, Binti Redio, taarifa ya habari inasemaje? Tukimbie au tulime?"

Watu wakacheka. Winifrida alimtazama mama yake, ambaye jasho lilikuwa likimtiririka usoni na ambaye, kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, alikuwa akitabasamu.

"Limeni tu, Mjomba," alisema.

Baada ya muda simu iliita tena. "Umewaambia?" Mwalimu aliuliza kwa haraka.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimewaambia."

"Vizuri. Basi huko sitampigia mtu mwingine. Acha niwahi vitongoji vilivyobaki."

Simu ilikatika. Winifrida aliifunga tena kwenye pindo la khanga. Alikuwa amefunga mlango ambao mtu mwingine angeweza kuufungua.

Alijaribu kubeba nyasi, lakini macho yake yalirudi kila mara upande wa kaskazini. Huko wingu jeupe lilikuwa likipanda kama povu la maziwa yanayochemka. Lilipanda, likajaza anga, kisha kichwa chake kikatandazika na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi. Klabuni walifundishwa maana ya umbo hilo: radi kali. Tumbo la wingu lilikuwa jeusi. Upepo uliokuwa ukivuma tangu asubuhi ulinyamaza ghafla, na mbali, nyuma ya vilima, ngurumo ikasikika.

"Hiyo ya Namanyere," alisema Maximilian bila kuinua kichwa. "Wacha wanyeshewe wenyewe."

Mama Cornelia alitazama juu. "Ikitufikia, kibanda kipo. Tutajibana humo."

Winifrida aliposikia neno kibanda, hakuweza kuvumilia tena. Alimkimbilia mama yake, akamshika mkono wenye jembe.

"Mama, Mwalimu alipiga simu. Kuna onyo la radi na mawe. Amesema tushuke kanisani, tusiingie kibandani. Alinipigia tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi?" Bertilla alimkazia macho. "Na wewe ukanyamaza?"

"Niliogopa zamu yako isije ikapotea. Tena nikamdanganya Mwalimu kwamba nimewaambia."

Bertilla alilitazama shamba ambalo nusu yake haikuwa imeguswa. Kisha akatupa jembe. "Jamani, shukeni! Acheni majembe, twendeni kanisani!"

Watu walianza kuteremka. Maximilian alibaki akikusanya majembe begani. "Majembe haya hayaokotwi," alinung'unika.

"Mjomba, yaache hayo!" Winifrida alilia. "Ni chuma!"

Radi ilipasua anga juu ya kilima cha pili, na Maximilian akayaachia yote kwa pamoja. Walikimbia huku mawe ya barafu yakiwapiga vichwani na mabegani. Maximilian aliingia kanisani wa mwisho, damu ikimchuruzika juu ya sikio, akausukuma mlango ukafungwa. Wakati huohuo mwanga mkali ulijaza madirisha, na mshindo ukatikisa mabati. Bertilla alimkumbatia binti yake, naye Winifrida akasikia moyo wa mama ukidunda.

Mvua ilipopungua, waliona moshi ukipanda kutoka kilimani. Kibanda kilikuwa kimeungua.

"Na togwa iliyobaki imenywewa na radi," alisema Maximilian kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mwalimu Gaudiosa alifika amelowa, kwa miguu. Winifrida alisimama mbele ya wote, akakiri uongo wake. "Wiki iliyopita nilisema mvua inakuja, haikuja. Nikaona onyo ni la kubahatisha."

"Wiki iliyopita ilipiga Namanyere, ikabomoa nyumba," alijibu Mwalimu kwa upole. "Uji mzito ukichemka, mama yako anajua utaruka. Hajui utarukia upande gani, ndiyo maana humwondoa mtoto pande zote za meko. Mtabiri naye huona hewa ya uwanda mzima inachemka. Hawezi kututajia shamba la nani. Wiki iliyopita hukukosea, Winifrida. Leo ndipo ulipokosea, kwa sababu uliwachagulia watu wazima hatari ambayo hawakuijua."

Mama Cornelia alijifuta maji usoni. "Na sisi tulikosea. Tumeweka kanuni inayomfanya mtoto aogope kusema kweli. Kuanzia leo, zamu iliyovunjwa na onyo haihesabiwi, mvua inyeshe isinyeshe. Jumatatu tunarudi kwa Bertilla."

"Na kwako pia, Mama Cornelia," alisema Bertilla. "Ya wiki iliyopita."

Mwalimu aliweka mkono begani mwa Winifrida. "Kusema onyo na watu wakakucheka ni aibu ya siku moja, mwanangu. Anayepewa habari ya kuokoa watu hapewi iwe yake. Aifikishe yote, kama alivyoipokea, mapema, ili kila mtu apate nafasi ya kuamua."