Sarafu Isiyolia

Bibi Cuilan alimaliza kuanika pilipili, akanawa mikono, akafungua kitambaa chekundu. Ndani mlikuwa na sarafu ya kale ya fedha, ile ambayo watu huiita Kichwa Kikubwa kwa sababu ya kichwa cha mtu kilichochongwa juu yake. Marehemu mumewe, Shouren, alimpa siku ya posa. Alisema mama yake aliishona kwenye kofia yake alipokuwa mtoto mchanga. Cuilan alicheka, akadhani ni maneno ya mchumba tu.

Kesho mjukuu wake Peiyao anaolewa. Sarafu hiyo ndiyo itakayolala chini kabisa ya sanduku la bibi harusi.

Mpwa wake Defu aliingia akitafuna mbegu za alizeti. Huyu bwana hakosi la kusema.

"Shangazi, hebu niipulize."

Aliishika katikati kwa ncha za vidole viwili, akaipuliza ukingoni, akaiweka haraka sikioni. Kimya. Akatoa ya kwake, aliyoinunua sokoni. Ilipopulizwa ikalia vizuri.

"Umesikia? Fedha halisi huimba. Yako bubu. Marehemu alikupiga changa la macho!"

Bibi alichanganyikiwa. Shouren? Yule aliyeshindwa hata kudanganya bei ya mayai? Aliigonga sarafu mezani, ikatoa sauti kama kifuniko cha sufuria. Akaigeuza picha ya marehemu itazame ukuta.

"Kaa huko kwanza," akasema.

Kisha akachota majivu aisugue. Labda chini ya weusi ulioifunika kulikuwa na jibu. Jirani yake Bi Kuang, sonara, alimwona kutoka mlangoni.

"Weka chini, dada! Weusi huo ni wa umri wake. Ukiusugua unaiharibu."

"Lakini hailii!"

"Sauti peke yake haitoshi. Ngoja nilete mizani."

Sarafu ya Bibi ilikuwa na gramu ishirini na sita na ushee.

"Uzito wake ndio huo," alisema Bi Kuang. "Na tazama, imelika shavuni na kwenye nywele, sehemu zilizoinuka. Meno ya ukingoni yamepangika. Lete yako, Defu."

Ya Defu ilipungua gramu nne. Ukingoni ilikuwa na mstari mwembamba uliozunguka kote.

"Hii imemiminwa kwenye kalibu," alisema Bi Kuang. "Sarafu halisi zilipigwa kwa mashine. Yako ni shaba iliyopakwa fedha."

"Lakini inaimba!" Defu alilalamika.

"Shaba nayo huimba."

Bibi alizidi kuchanganyikiwa. "Ya uongo inalia, ya kweli imenyamaza. Kwa nini?"

Bi Kuang aliitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akampa Bibi naye atazame. Juu ya kile kichwa kilichochongwa palikuwa na alama ndogo ya kuchomelea, na ufa mwembamba kama unywele.

"Hapa palikuwa na kitanzi. Kiling'oka, kikaacha ufa. Yenye ufa hailii. Watu walitia vitanzi hivi ili waishone sarafu kwenye nguo. Au kwenye kofia ya mtoto."

Bibi alikaa kitini, machozi yakamlengalenga.

"Sasa mimi nifanyeje?" Defu aliuliza.

"Ukienda sokoni, beba mizani," alijibu Bi Kuang. "Masikio yaache nyumbani."

Bibi aliifunga sarafu na weusi wake katika kitambaa kikavu, akaiweka chini ya sanduku la Peiyao. Kisha akaigeuza picha.

"Haya, nitazame," akasema. "Kumbe ilikuwa kofia kweli."