Kifaa Kimoja kwa Jumamosi

Jumamosi hiyo duka la bunduki la Greyville lilijaa watu mpaka mlangoni. Makena alijipenyeza hadi kaunta, kavaa blauzi ya samawati na suruali iliyopigwa pasi, mkononi kashika mfuko wa maganda ya risasi alizofyatua mwenyewe uwanjani. Alikuwa Mkenya, mhadhiri wa takwimu, na alipenda kulenga shabaha kwa sababu kule hakuna anayemuuliza mtu mbona yuko peke yake.

"Nataka kuanza kujaza risasi zangu mwenyewe, nyumbani," alisema akitoa leseni. "Nianze na nini?"

"Karibu, Maman," alijibu Honoré, muuzaji, Mkongo aliyevaa kama mtu anayekwenda harusini. "Iko mashine mbili. Hii ni ya mbio. Hii ingine ni ya polepole, risasi moja-moja. Watu wengi wanakamata ya mbio."

"Nipe ya polepole. Niharakishe niende wapi? Nyumbani hakuna anayeningoja."

Alisema akicheka, lakini Honoré hakucheka. Naye alikuwa na chumba chake jirani na hapo, chenye sufuria moja na sahani moja. Basi mtu mzima akapotewa na akili palepale, akamuuzia mashine tu, bila vifaa vyake.

"Vingine, ukuye Jumamosi," alisema.

Jumamosi Makena akaja, akauziwa kalibu za kunyooshea maganda. Jumamosi nyingine, kipimo cha urefu wa risasi. Katikati ya wiki, akampigia simu.

"Wewe Honoré, mashine nimeifunga kwenye meza ya jikoni, inanitazama tu. Baruti utaniuzia lini?"

"Baruti bila mizani ya kuipima? Jamais, hata siku moja! Unataka kulipuka? Polepole, Prof wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu ile siku ya leseni. Niliona picha yako, nikaisha."

"Aki wewe ni mhuni!"

Makena alicheka pale jikoni mpaka akajionea haya.

Jumamosi iliyofuata Honoré alikuwa ametoka kula, na kaunta ilikuwa na mwenzake, Carmel. Makena aliulizia mizani. Carmel akashangaa, akamwonyesha sanduku kubwa kwenye rafu.

"Lakini dada, vyote viko humu pamoja: mashine, kalibu, kipimo, mizani. Wanaoanza wote tunawauziaga hivi. Honoré hakukuambia?"

Makena akatoka bila kuaga. Kumbe alifanywa ng'ombe wa kukamwa! Na fedha haikumuuma sana. Kilichomuuma ni kwamba siku hizi alikuwa anachagua nguo ya Jumamosi tangu Alhamisi, mwanamke mzima na shahada zake. Honoré akapiga simu, hakupokea. Akapiga tena, Makena akaizima. Wiki zikapita, na nyumba ya Makena kule Berea ikawa kimya kuliko ilivyokuwa kabla hajamjua Honoré.

Jumapili moja mchana, ametoka kanisani, simu ikalia. Akapokea, sijui kwa hasira au kwa kuchoka.

"Ulinichezea, Honoré."

"Nilikudanganya, ndiyo. Lakini sikukula hata rand moja yako. Nilijua ukipata vyote mara moja, hautarudia tena. Mizani ndiyo ilibakia ya mwisho. Nilikuwa naiogopa ile mizani, Makena."

Kabla ya hapo hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Si ungeniambia tu unataka kuniona?"

"Na ungekatala? Mimi kila siku naongea na watu mia, nikifunga duka hakuna mutu ananiuliza nimekula nini. Niliona heri uongo wa Jumamosi."

Makena alijua ameelezwa maisha yake mwenyewe, na machozi yakamtoka.

"Eish. Uko hapo?"

"Niko. Kuja leo."

"Nilete mizani?"

"Usilete kitu. Mizani nitanunua kwa Carmel. Wewe uje bila kisingizio."

Honoré akapanda kilima cha Berea kwa miguu, kavaa suti yake ya kijivu. Alibisha mlangoni akiwa mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Makena akafungua, akamtazama, na yale maneno makali aliyoyapanga yakamkimbia yote.

"Ingia," alisema. "Nimechoka kula peke yangu, Honoré. Nimechoka sana."