Makofi Kutoka Seti ya Isebania

Mara ya kwanza Dorotea alidhani ni mvua. Alikuwa anafagia ukumbi wao wa video pale Nyakato ya Musoma, mchana wa jua kali, umeme umekatwa tangu juzi kwa sababu ya mgao, aliposikia kama matone makubwa yakianguka juu ya bati. Akatoka nje, akatazama juu. Hapakuwa na wingu hata moja. Aliporudi ndani sauti ilikuwa bado ipo, na sasa akaitambua. Yalikuwa makofi. Watu wengi, mahali pa mbali, walikuwa wanashangilia, na sauti yao ilitoka ndani ya televisheni iliyozimwa.

Akaigusa. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mgonjwa wa homa, na ilinuka nywele zinazoungua.

Jioni alimweleza mumewe, Bernado. Bernado hakucheka. Alikwenda kufunga mlango kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Mama Shida, usimwambie mtu."

"Kwa hiyo umeyasikia na wewe."

"Nimeyasikia. Wewe nyamaza tu."

Seti ile Bernado aliinunua Isebania, ng'ambo ya mpaka, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye nguvu akawa anavuka Sirari kwenda kuleta kitu. Muuzaji aliitoa stoo akiwa amezungushia mikono yake matambara, akaipakia kwenye gari bila kuitazama. Mwanzoni ukumbi ulijaa. Vijana walikalia mabenchi, wengine walikaa chini, na Felisian, mfasiri wao, alisimama pembeni ya kioo akieleza Kizungu cha filamu kwa Kiswahili cha Musoma hadi watu wakasahau kwamba waigizaji hawakukijua. Kisha ukaja mgao wa umeme. Wiki nzima ingeweza kupita bila filamu, na mabenchi yakaanza kushika vumbi.

Ndiyo maana tangazo la Kisumu lilimnasa Bernado. Msambazaji wa kanda wa huko alisema mwenye ukumbi yeyote wa kando ya ziwa atakayetabiri washindi wa zile tuzo kubwa za filamu za Marekani za mwaka ule atapewa jenereta na seti kubwa. Maswali yalikuwa matatu: mwigizaji bora wa kiume, mwigizaji bora wa kike, na filamu bora. Kila swali lilikuwa na majina matano.

Felisian alitaka wakae waangalie kanda zile, wabishane, wachague. "Hii ya wachimba makaa ina uzito," alisema. "Ile ya mjane mwenye farasi inaliza watu, lakini haina mwisho."

"Mimi sibahatishi," Bernado akajibu.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Dorotea alimsikia mumewe ndani ya ukumbi akizungumza peke yake. Alichungulia kwenye ufa wa mlango. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia kama kawaida, ila kioo cha televisheni kilikuwa kinatoa mwanga hafifu wa kijivu. Bernado alikaa mbele yake, mikono juu ya magoti, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Yule mzee mwenye macho ya paka," alisema.

Kofi likalia. Kichwa cha Bernado kiligeuka kwa nguvu hadi shingo ikaalika, na hapakuwa na mkono wa mtu pale.

Akafuta mdomo. "Yule kijana aliyeigiza mfungwa."

Kofi la pili lilimwangusha kwenye benchi. Akaamka, akakaa vilevile. Alitaja wa tatu, akapigwa. Alitaja wa nne, mwenye kovu, na hapo ndani ya kioo ikalipuka shangwe, makofi ya ukumbi mzima wa watu, vigelegele na miluzi, na Bernado akatabasamu huku damu ikimdondoka puani.

Dorotea alimkuta uani ananawa. "Baba Shida, hiyo ni nini?"

"Lililomo humo linajua," alinong'ona. "Jina likikosea, linapiga. Likiwa lenyewe, linashangilia. Aliyeniuzia alinambia ukiliuliza linajibu."

"Litakuua."

"Yamebaki maswali mawili tu."

Lakini uso wake ulivimba kiasi kwamba jicho moja halikufunguka, na usiku alitapika. Kwa hiyo swali la pili hakuuliza mwenyewe. Alimwita Masatu, jirani yao muuza sangara, mtu wa kifua kipana ambaye aliwahi kumsaidia kujenga choo. Alimwambia aje akae mbele ya seti ataje majina ya wanawake watano, ni mchezo wa bahati. Masatu akaingia anacheka. Dorotea alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta watu wamejaa mlangoni na Masatu amelazwa juu ya mkeka, meno ya mbele hayapo, mfupa wa bega umechomoza chini ya ngozi. Sasa hayakuwa makofi, zilikuwa ngumi.

"Ni nani amekupiga?" watu walimuuliza.

Masatu alimtazama Bernado. Aliogopa kusema. Bernado alikuwa amesimama nyuma ya watu, na midomo yake ilikuwa inarudia jina moja la mwanamke, polepole, asije akalisahau.

Dorotea alimwacha mtoto wake Shida kwa mke wa Masatu, akapanda gari la Suguti. Huko alikuwepo Gati, mwanamke wa makamo aliyekuwa anatibu watu wenye mashetani. Alimkuta anapalilia mihogo. Gati alisikiliza bila kuacha jembe.

"Nani alikuwaga wa kwanza kuliuliza?"

"Mume wangu."

"Basi kazi ni ngumu. Jini lililovamia mtu linafukuzwa. Lililoitwa na mwenye nyumba linasema nimealikwa." Akalisimamisha jembe. "Tutaenda. Lakini kama akiendelea kuita, mimi sina dawa."

Walifika Nyakato siku ya pili, jua likiwa bado juu. Felisian alikuwa mlangoni mwa ukumbi, anasukuma kwa bega. "Shemeji, amejifungia tangu asubuhi," alisema. "Ameanza swali la filamu."

Ndani walisikia sauti ya Bernado ikisema, "Ya wachimba makaa," kisha mshindo wa kitu kizito juu ya nyama, kama mtu anapiga gunia la pamba kwa rungu. Felisian akauvunja mlango kwa teke.

Harufu ya nywele zinazoungua iliwapiga usoni. Bernado alikuwa sakafuni, mguu wake umekunjika mahali pasipo na goti, na bado alikuwa anajikokota kuelekea kwenye kile kioo cha kijivu. Gati aliwasha majani yake kwenye kigae, akaanza kuzunguka chumba akiita kwa Kikurya, na moshi ulipoifikia seti kitu kikamshika mkono, kikauzungusha, na Dorotea akasikia kifundo kikivunjika kama kijiti cha kuni. Gati hakupiga kelele. Alihamishia kigae kwenye mkono wa pili.

"Bernado," alisema. "Sema hutaki tena kujua."

"Ya meli ya wagonjwa," Bernado akasema, naye akainuliwa na kubamizwa ukutani hadi udongo ukamwagika.

"Sema hutaki."

"Ya wakili kiziwi."

Dorotea hakungoja tena, akatoka mbio hadi jikoni akachukua mchi, akarudi, na alipovuka mstari wa benchi la kwanza pigo la kwanza lilimpata sikioni hadi dunia yote ikawa mluzi mmoja, la pili likamchana nyusi, damu ikamziba jicho, naye akaendelea, kwa sababu seti ile ilinunuliwa kwa pamba aliyoilima yeye Bunda kwa mama yake, kwa mikono hii hii, na kila alivyosogea mapigo yaliongezeka, mbavuni, mgongoni, tumboni, kama vile ukumbi mzima wa watu wasioonekana umeshuka jukwaani kumzuia, na chini kabisa mkono mmoja ukamshika kifundo cha mguu, na huo ulikuwa na joto la kawaida, ulikuwa wa mumewe.

"Bado mbili," Bernado alinong'ona. "Mama Shida, zimebaki mbili tu."

"Niachie."

"Ya mfungwa mpiga kinanda," akasema.

Taya la Bernado lilivunjika mbele ya macho ya Dorotea. Aliona kidevu kikihama upande. Mkono ukalegea, naye akauinua mchi kwa nguvu zote zilizobaki akaupiga kioo, akapiga tena, akapiga hadi vyuma na vioo na nyaya vikawa lundo, na sauti iliyotoka humo haikuwa ya mnyama wala ya mtu, ilipita juu ya vichwa vyao, ikapasua bati, ikaenda upande wa ziwa.

Kisha kimya. Nje kuku walikuwa wanaparua.

Gati alikaa kwenye benchi, mkono umening'inia. Akamwinamia Bernado. "Huwezi kusema, najua. Tingisha kichwa tu. Hutaki tena kujua?"

Bernado aliugeuzia ukuta uso wake. Kisha akamwita Felisian kwa kidole, akachora farasi kwenye vumbi la sakafu. Filamu nne zilikuwa zimepigwa. Ya tano haikuhitaji kutajwa.

Felisian alimtazama Dorotea. Dorotea alikuwa anajifuta damu jichoni. Majibu matatu yakaondoka na dereva wa basi la Kisumu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, redio ya ng'ambo ikasoma habari za tuzo. Bernado alikuwa amelala ukumbini, taya limefungwa kwa kitambaa, mguu ndani ya plasta. Dorotea alikaa kando, sikio lake moja halisikii tena. Mwigizaji bora wa kiume alikuwa yule mzee mwenye macho ya paka. Wa kike alikuwa mwingine kabisa, si yule ambaye Masatu alivunjwa ili jina lake lipatikane. Filamu bora ilikuwa ile ya wachimba makaa.

Dorotea akaizima redio. "Halikujua kitu," alisema. "Hata moja. Lilikuwa linapenda kupiga tu."

Alingoja mumewe alie, au aombe radhi, kama si kwake basi kwa Masatu, ambaye hangebeba tena tenga la samaki maisha yake yote. Macho ya Bernado yalikuwa matulivu.

"Lilikuwa linanipima," alisema kupitia meno yaliyofungwa, neno kwa neno. "Mwakani litasema kweli."

Dorotea alisimama. Alikusanya nguo zake na za mtoto ndani ya kanga, akamchukua Shida kwa mke wa Masatu, akaenda stendi kutafuta gari la Bunda, ili kutoka hapo afike Kibara kwa kaka yake. Alipokuwa anatoka ukumbini alimwangalia mumewe mara moja tu. Bernado hakumwona. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, amegeukia meza tupu iliyokuwa na seti, na ameuinua uso wake kuupeleka mbele, upande ule wa shavu ambao ulikuwa bado mzima.