Pweza wa Siti, Kidole cha Mama Mkwe

Siku za bamvua, maji ya kijiji cha Sudi hupwa mpaka miamba ya mbali inaonekana. Wanawake hujifunga kanga, hushika vijiti, hushuka kutafuta pweza kwenye mashimo. Siti hakushuka nao. Yeye alibaki ufukoni na mizani yake. Alinunua pweza, akawachemsha nyumbani, kisha akawapeleka Mingoyo kwa wenye hoteli.

Biashara yake yote ilikwenda kwa simu. Wenye hoteli walimlipa kwa simu. Yeye naye aliwalipa wanawake wa pweza kwa simu. Hakutembea na fedha njiani, wala hakukosa usingizi kwa kuogopa wezi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Laini ya simu haikuwa na jina lake. Alipoanza biashara, namba yake ya kitambulisho cha taifa ilikuwa haijatoka. Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, akamwonea huruma.

"Kwani mimi na wewe ni wawili?" alimwambia. "Twende kwa wakala, nikuwekee kidole changu."

Laini ikasajiliwa kwa alama ya kidole na jina la Bi Mwanaidi. Baadaye namba ya Siti ilitoka, lakini hakubadilisha kitu. Ndivyo tulivyo sisi binadamu. Paa likiwa halivuji, nani hulitazama?

Bi Mwanaidi akaugua muda mrefu, kisha akafariki. Kule makaburini mwanawe mkubwa, Saad, alisimama mbele ya watu. Alisema kama ilivyo desturi: "Anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje atuone sisi wanawe."

Jioni, Mfaume, mume wa Siti, alimwuliza mkewe, "Na ile laini yenye jina la mama? Nimwambie kaka?"

"Nyamaza, Mfaume!" Siti alisema. "Udongo haujakauka, mimi mkwe nianze kumdai mama? Watu watanionaje? Tena simu ninayo, na namba ya siri naijua."

Mfaume akanyamaza. Ilikuwa heshima, na ilikuwa kosa.

Wiki chache baadaye Siti alikuwa jikoni akigeuza pweza. Simu ikachomoka kwenye pindo la kanga, ikatumbukia ndani ya sufuria. Alipoiopoa, simu ilikuwa imeiva kuliko pweza. Laini nayo ilikuwa imekufa.

Alikimbia kwa Justa, wakala wa simu na benki pale kijijini. Justa ni Mmakonde wa Newala, na mdomo wake haupoi.

"Shoga, siku hizi unawauzia wenye hoteli na supu ya simu?" Justa alimtania. "Usijali. Kurudisha laini ni kazi ndogo. Weka kidole hapa."

Siti hakuweka kidole. Alianza kulia. Akaeleza habari yote.

Justa aliacha utani. Akamvutia kigoda.

"Sikiliza," alisema. "Kampuni inajua kwamba mwenye laini ni Bi Mwanaidi. Kwa hiyo fedha iliyomo inahesabiwa kuwa yake. Sasa ni mirathi."

"Lakini ni mtaji wangu! Laki sita! Na bamvua ni wiki ijayo!"

"Mimi nakuamini. Mashine haiamini mtu, inataka kidole."

"Sasa nifanyeje?"

"Kikao cha ukoo kimchague msimamizi wa mirathi. Aende Mahakama ya Mwanzo akathibitishwe. Akiwa na barua ya mahakama na cheti cha kifo, kampuni itampa fedha. Msimamizi hulipa kwanza madeni ya marehemu. Kinachobaki ndicho warithi wanagawana. Usipojieleza, mtaji wako utagawanywa kama urithi."

"Naona aibu, Justa."

"Mficha uchi hazai, shoga."

Siti alirudi nyumbani na moyo mzito. Njiani alimnung'unikia marehemu: "Mama, kidole chako kimenifunga." Kisha akaona haya kwa kusema hivyo juu ya mtu aliyempenda.

Bamvua ikafika. Mnunuzi mmoja kutoka Lindi akaja na fedha, akazoa pweza wote. Siti alisimama ufukoni na mizani mitupu. Hafsa, mmoja wa wanawake wa pweza, alimfuata.

"Kulikoni leo hununui?"

Siti alimweleza, na kwamba Saad ameita kikao cha ukoo. Hafsa akatikisa kichwa, akauliza siku ya kikao.

Kikao kilikaa Ijumaa nyumbani kwa Saad. Siti alieleza habari ya laini akiwa ameinamisha uso. Salumu, mdogo wa Saad na Mfaume, akaguna.

"Shemeji, tangu mazishi umekaa kimya. Leo simu imeharibika ndiyo fedha za mama zimekuwa zako?"

Swali lilichoma, lakini lilikuwa swali la haki.

Ndipo hodi ikasikika. Hafsa aliingia na wenzake wawili.

"Shikamooni. Mtuwie radhi kwa kuingilia kikao chenu," alisema. Akampa Salumu simu yake. "Baba, soma ujumbe huu kwa sauti."

Salumu akasoma: "Umepokea shilingi elfu kumi na nane kutoka kwa Mwanaidi..." Lilikuwa jina la mama yake.

"Siku hiyo mama yenu alikuwa kitandani," Hafsa alisema kwa upole. "Hakununua pweza hata mmoja. Sisi sote tunalipwa kwa jina hilo, na pweza tunampa Siti."

Saad akasema, "Hili ni deni. Hatutamwacha mama kaburini na deni."

"Niwie radhi, shemeji," alisema Salumu.

Kikao kikamchagua Saad kuwa msimamizi wa mirathi, lakini barua ya mahakama ilichukua miezi. Siti hakukaa kuisubiri. Alirudi kwa Justa na kitambulisho chake mwenyewe. Akasajili laini kwa kidole chake. Justa akamfungulia akaunti ya benki, akamsaidia kuomba lipa namba, namba ambayo wateja hulipia. Fedha ya pweza ikatengwa na fedha ya nyumbani.

"Na makato?" Siti aliuliza.

"Yapo, sikudanganyi. Yahesabu unapopanga bei. Na siku nyingine mtandao unakatika, kwa hiyo weka taslimu kidogo ya kununulia. Lakini kila shilingi inayopita hapa inaandikwa kwa jina lako. Ukitaka kukopa, benki itaona biashara yako ilivyo."

"Na namba ya siri nimpe nani?"

"Usimpe mtu."

"Hata Mfaume?"

"Hata Mfaume, hata mimi!"

Wanawake wa Sudi walimkopesha pweza kidogo kidogo mpaka akasimama tena. Benki nayo ikampa mkopo wa jokofu. Yule mnunuzi wa Lindi siku hizi akifika, mara nyingi anamkuta Siti amekwisha kupima.

Hatimaye Saad alipata zile fedha. Alimwita Siti, akamtumia laki sita zote kwenye akaunti yake mbele ya ndugu.

"Shemeji, tumekulipa," alisema. "Je, umemsamehe mama?"

Siti alilia. "Mama alinipa kidole chake kwa mapenzi. Kosa ni langu, nilinyamaza. Nimemsamehe, naye anisamehe."

Jioni ile Siti alisali magharibi, akainua mikono kumwombea Bi Mwanaidi. Tangu simu ilipoharibika, kila alipomwombea alizikumbuka laki sita. Jioni ile hakuzikumbuka.