Mlango wa Upande wa Pili

Treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi na nane haimsubiri mtu. Kila asubuhi Revati, msichana wa miaka kumi na miwili, alishuka mbio ngazi za stesheni ya Dombivli, mkoba kifuani, akaingia behewa la wanawake pamoja na Kusum Kaki, jirani yao aliyekuwa muuguzi mjini Mumbai. Behewani kila kundi lilikuwa na lake. Wako waliokata mboga za jioni, wako waliosali, na kundi la Kaki liliimba. Aliyeongoza ni Revati. Watu wazima walinyamaza ili aanze yeye, na kwa hilo hakuona taabu kuamka mapema.

Mwezi wa Julai akaja Ketaki, binti wa baba yake mdogo, kutoka mji wa Kolhapur, aishi kwao na kusoma naye shule moja. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Revati hakupona. Wiki ya kwanza Ketaki alisukumwa, akakanyagwa, akapoteza kandambili moja relini. Wiki ya tatu alikwisha kujua kuuliza nani anashuka wapi ili arithi kiti chake. Wiki ya nne akaimba, na behewa zima likageuka kumtazama. Tangu siku hiyo waliyemwambia aanze ni Ketaki.

Revati alitabasamu kwa meno tu. Mimi ndiye niliyemleta humu, aliwaza, mimi ndiye niliyemfundisha kupanda, na sasa nimewekwa pembeni kama mfuko wa mtu. Nyumbani nako bibi alimpa Ketaki utando wote wa maziwa. Jambo dogo hilo, lakini mwenye wivu hana dogo.

Ndipo Mwalimu Phadke alipotangaza kwamba Ijumaa, kabla ya kengele ya kwanza, angechagua mwanafunzi mmoja wa kuimba peke yake kwenye mashindano ya shule za jiji. Atakayechelewa hatasikilizwa.

Sasa, katika treni zile haitoshi kuijua stesheni yako. Lazima ujue jukwaa litakuwa upande gani, ukajipange mlangoni mapema. Ukikosea upande, wanaopanda watakuziba, na treni haikai hata dakika moja. Siku zote Ketaki alimfuata Revati tu.

Ijumaa mvua ilimwagika. Kaki hakuwepo, alikuwa zamu ya usiku. Walipokaribia stesheni ya shule, Revati alimgusa Ketaki bega.

"Kwa mvua hii leo treni itaingia jukwaa lingine. Kajipange mlango ule."

"Na wewe?"

"Nakuja nyuma yako. Wahi."

Ketaki alijipenyeza hadi mlango wa upande wa pili. Revati alishuka mlango wa kila siku. Alipogeuka, aliona msuko wa Ketaki umebanwa katikati ya mabega ya watu, kisha treni ikaondoka naye.

Revati aliimba vizuri, akachaguliwa. Ketaki alifika baada ya nusu saa, ameloa chapachapa, amerudi kutoka stesheni ya mbele. Mwalimu alimwambia nafasi imekwisha. Alikubali bila kulalamika, akamwendea Revati.

"Afadhali nimekuona," alisema. "Nilikuita sana mle ndani. Niliogopa na wewe umepitilizwa."

Revati aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe yule aliyetendewa ubaya ndiye aliyekuwa na wasiwasi juu yake.

Jumamosi, siku ya masomo ya nusu siku, Kaki alirudi, akasikia habari, akagawa peremende za maziwa behewa zima na kumwambia mshindi aanze wimbo. Revati alifungua kinywa, sauti haikutoka. Machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Jukwaa halikubadilika jana," alisema. "Nilimdanganya Ketaki. Nilitaka asifike."

Ketaki aligeuza uso kuelekea dirishani. Kaki hakumgombeza Revati, ila alimwambia aende kwa mwalimu kabla ya kuingia darasani, akaseme maneno hayohayo. Revati alikwenda. Mwalimu Phadke alifuta uchaguzi ule, na Jumatatu akawasikiliza wote wawili. Akamchagua Ketaki. Iliuma, tusidanganyane, lakini usiku ule Revati alilala usingizi wa kweli.

Jumanne Kaki alimvuta Revati akae kando yake, Ketaki upande wa pili.

"Benchi hili limetengenezwa kwa watu watatu," alisema. "Kila siku tunakaa wanne. Miaka kumi na tisa napanda treni hii, sijaona aliyepungukiwa kwa kusogea. Sifa za mwenzako hazikuondolei sauti yako, mwanangu. Wivu ndio ulioiondoa."

Ketaki alikuwa hajasema na Revati kwa siku tatu. Sasa alimtazama.

"Leo tuanze pamoja," alisema. "Lakini mlango nitamuuliza Kaki."

Wanawake walicheka. Revati aliinamisha kichwa.

"Hiyo ni haki yake," Kaki akamwambia. "Uongo wa dakika moja haulipwi kwa dakika moja. Utamwonyesha mlango wa kweli kila asubuhi, mpaka siku atakayoacha kuniuliza."