Pamba ya Upande wa Kushoto

Haya alinisimulia rafiki yangu, fundi redio, mtu ambaye hata kutia chumvi hajui. Jioni moja, akiwa hoi bin taabani, alikuwa akimtengenezea mkewe hedifoni: anaongeza pamba ndani kupunguza besi, mke anavaa na kusikiliza. Umeme ukakatika. Muziki ukanyamaza.

"Huku kushoto kuna mtu anahema," mke akasema.

"Umechoka tu, mama watoto."

"Bado anahema."

Rafiki yangu akaichukua hedifoni, akapapasa gizani, akakata nyaya za kushoto na kuitoa spika. Akamrudishia.

"Sasa je?"

"Kimya. Afadhali."

Mke akasinzia palepale kitini. Rafiki yangu akabaki gizani na spika kiganjani, ikimpulizia vidole pumzi ya vuguvugu, taratibu, kama mtu aliyechoka.