Kiwiko cha Hayat

Kila Jumamosi, Hayat na mama yake walipanda basi kutoka nyumbani Edmonton, kaskazini mwa London, kwenda kwenye mazoezi ya besiboli. Hayat alikuwa na miaka kumi na miwili, naye ndiye mrushaji wa timu, yaani yule anayemrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Kocha wake, Mzee Philemon, mzaliwa wa Mwanza, alikuwa mrushaji wa kulipwa Marekani mpaka alipostaafu na kumfuata binti yake London.

Jumamosi hii ilikuwa ya fainali, na kiwiko cha Hayat kilikuwa kinauma vibaya. Hakumwambia mtu. Angesemaje, naye alikwisha kujitapa shule nzima? Asubuhi alijifungia bafuni, akajichua kwa mafuta ya karafuu ya mama yake, kama wafanyavyo kwao Unguja. Alijipaka kuanzia begani hadi vidoleni, na hapo ndipo alipokosea.

Katikati ya mchezo, mwamuzi aliushika mpira, akaunusa, akakunja uso. Ulikuwa unateleza. Katika besiboli, kuupaka mpira kitu chochote ni udanganyifu.

"Kocha, ndivyo unavyowafundisha watoto?" aliuliza kwa ukali. "Nitaitoa timu yako."

Wazazi wa timu pinzani wakaanza kuzomea. Mzee Philemon aliutazama mpira, amepigwa na butwaa. Hayat akamwonea huruma. Akinyamaza, mzee wa watu ataitwa mdanganyifu. Akisema, atatolewa yeye.

"Si yeye!" alisema, machozi yakimlengalenga. "Mkono unaniuma. Nilijichua mafuta kwa siri."

Mwamuzi alimnusa mkono, akapoa. Alibadilisha mpira, mchezo ukaendelea. Kocha alimkalisha Hayat benchi, rafiki yake Plamedie akarusha badala yake. Walifungwa.

"Samahani, Kocha," Hayat alisema kwa kwikwi. "Ungekuwa wewe mrushaji, usingetolewa."

"Nani kakwambia?" Mzee Philemon alicheka huku akimfunga barafu kiwikoni. "Nilipokuwa mdogo kama wewe, kocha wangu alinitoa kwenye fainali kwa sababu mkono wangu huu ulikuwa unauma. Nililia, nikamchukia mwaka mzima. Bila yeye, Marekani ningeiona kwenye televisheni tu. Mwanangu, ukiumwa, sema mapema. Na ukikosea, usimwache mwenzio abebe kosa lako. Hilo la pili leo umeliweza."

Mama alichukua mkoba wa Hayat, akauvaa begani.

"Na la kwanza," alisema, "tutalianza Jumatatu kwa daktari."